Daftari la Tippu Tip

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 37:25–28, Mithali 22:7, Yeremia 22:13–17, Amosi 8:4–7, Luka 19:1–10, Yakobo 5:1–6, Ufunuo 18:11–13.

Fungu la Kukariri: Yeremia 22:13. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili, kisha ulieleze kwa maneno yako mwenyewe mbele ya darasa.

Barabara itokayo Kibiti kwenda Lindi huvuka mto Rufiji katika Daraja la Mkapa, kisha hufika Nyamwage, mahali inapochepuka njia ya Utete. Siku hizi hupita hapo malori ya ufuta na korosho. Miaka 150 iliyopita nchi hii ilipitwa na misafara ya namna nyingine. Mwaka 1873 Sayyid Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na akafunga soko la watumwa la Unguja. Wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha. Waliihamishia biashara yao nchi kavu. Watu waliofungwa minyororo walitembezwa kwa miguu kutoka Kilwa, wakavushwa Rufiji, wakapelekwa kaskazini. Mwingereza Frederic Elton, aliyeshuka kwa njia hiyo kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 1873, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 katika muda wa mwezi mmoja. Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku misafara ya nchi kavu pia.

Somo la juma hili linafuata maisha ya mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote wa zama hizo, ingawa misafara yake ilishika njia nyingine, ile ya Tabora, Ujiji na Kongo. Jina lake ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Watu walimwita Tippu Tip. Alianza na mali ya mkopo, akaishia kuwa mtawala. Alikuwa hodari wa hesabu, na waliomkopesha waliendelea kumwamini kwa sababu alirudi na kulipa. Lakini je, ni akina nani walioandikwa katika daftari lake, na ni akina nani walioachwa nje?

JUMAPILI
Kijana wa Sandarusi

Hamed alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara. Alikuwa na makazi Tabora, na huko alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa na ndugu wa pwani na wakwe wa bara, na baadaye undugu huo wa pande mbili ulimfungulia milango mingi.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alianza kusafiri pamoja na kaka yake na wajomba zake kununua sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa miti uliogandama ardhini kwa muda mrefu. Watu wa Mrima waliuchimba kwa jembe, nao ulinunuliwa na wageni waliokwenda kuutumia kutengenezea rangi ya kung'arisha mbao. Mtoto huyu hakupewa mzigo mkubwa, kwa hiyo alijifunza biashara kwa kidogo kidogo.

Alipofikia umri wa miaka kumi na minane alikwenda bara pamoja na baba yake. Walipofika mbali, baba alitaka kumkabidhi mtu mwingine bidhaa zake azipeleke Urua, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mwanawe afuatane naye tu. Kijana alikataa kuwa chini ya mtu mwingine. Baba akakubali, akampa yeye mali ile. Huko Urua alikuta wenzake wanagombea pembe kubwa kwa bei kali. Yeye alinunua pembe ndogo ambazo hazikuwa na wanunuzi wengi, na aliporudi faida yake ilikuwa nzuri kuliko yao.

Tabia yake yote ilionekana mapema katika safari hiyo. Alikuwa na jicho la kuona kile ambacho wengine wamekidharau, na moyo usiokubali kuwa wa pili. La kwanza ni kipawa cha kweli, nayo Biblia haikidharau kipawa cha biashara. Soma Mithali 31:16–18, uone jinsi mwanamke mwenye busara anavyosifiwa kwa kulipima shamba kabla ya kulinunua na kwa kujua kwamba bidhaa yake ina faida.

Tafakari: Ni kipawa gani cha kazi au biashara ambacho wenzako wamekiona kwako tangu ujana? Ni nani anayefaidika nacho hivi sasa, zaidi yako?

JUMATATU
Mkopo na Jina la Chui

Soma Mithali 22:7. Mkopo unambadilishaje mtu anayeuchukua? Na wale wanaokutana naye njiani je?

Biashara ya bara iliendeshwa kwa mkopo. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja walitoa nguo, shanga na waya. Mwenye msafara aliahidi kuwaletea pembe baada ya miaka kadhaa. Tippu Tip alikopa kwa wengi, na baadaye mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Taria Topan, mmoja wa matajiri wakuu wa Unguja. Mtu akiwa na deni la namna hiyo, kila siku ya kuchelewa humuuma.

Katika safari moja ya miaka ya 1860, wapagazi wa Kizaramo waliochukua malipo yake walimtoroka wakiwa bado karibu na pwani. Tippu Tip hakuwatafuta waliotoroka peke yao. Kwa maelezo yake mwenyewe, alivamia vijiji, akakamata watu wapatao 800 katika siku chache, akawafunga na kuwabebesha mizigo. Wazaramo wakampa jina la chui, kwa sababu chui hushambulia huku na kule bila kuchagua. Jina hilo halikumwudhi. Katika masimulizi ya maisha yake alilitaja kama mtu anayetaja cheo.

Mwaka 1867 alifika Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, kwa chifu Nsama, aliyeogopwa na majirani wote. Alipoingia bomani kwa Nsama alishambuliwa kwa mishale, akajeruhiwa. Bunduki za watu wake ziliamua vita, na boma likatekwa. Humo alichukua, kwa hesabu yake, karibu frasila 2,000 za pembe. Frasila moja ni kama kilo 16. Basi ilikuwa zaidi ya tani 30. Kwa siku moja kijana mkopaji alikuwa tajiri. Watu wengine walisema jina Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema lilitokana na macho yake yaliyopepesa mara kwa mara.

Mwaka huohuo mmisionari na msafiri David Livingstone alikutana naye. Livingstone aliichukia biashara ya watumwa kwa moyo wote, lakini alipokea chakula na msaada kutoka kwa Tippu Tip, na alimwona kuwa mtu muungwana. Yote mawili yalikuwa kweli. Mkono uliomlisha mgeni ndio uliowafunga Wazaramo.

Tafakari: Mtu anaweza kuwa mkarimu kwa wageni na kuwa mwiba kwa wale wanaomfanyia kazi. Watu wa nyumbani mwako, na wale unaowapa kibarua, wangesema nini juu yako?

JUMANNE
Kiti Kilichopatikana kwa Hadithi

Safari yake ndefu kuliko zote ilianza mwaka 1870, na hakurudi Unguja mpaka mwaka 1882. Alivuka Ziwa Tanganyika, akaingia ndani sana katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Huko alisikia habari za Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetera, ambaye dada yake alikuwa ametekwa zamani katika vita na hakuonekana tena.

Tippu Tip alimwendea mzee yule na kumwambia kwamba dada huyo aliolewa na babu yake, na kwamba yeye ni mjukuu wake. Haikuwa kweli. Mzee, aliyekuwa amemlilia dada yake kwa miaka mingi, aliamini. Alimpokea kama damu yake na kumwachia utawala. Wenye pembe wote wa nchi ile wakaamriwa kumletea mtawala mpya. Kwa njia hiyo mfanyabiashara akawa mtawala: alichukua huzuni ya mzee mmoja na kuifanya mtaji.

Ni haki pia kusema yale aliyoyaweza. Chini yake mashamba ya mpunga yalienea, njia za misafara zilikuwa na ulinzi, na Kiswahili kikasambaa hadi sehemu ambazo wenyeji wake wanakizungumza hata leo. Wasafiri wa Ulaya walimtegemea. Verney Lovett Cameron alipita kwake mwaka 1874. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 aliahidi kumlipa dola 5,000 ili amsindikize kuelekea kaskazini kandokando ya mto mkubwa. Kabla ya mwaka kwisha waliachana, na malipo aliyopata Tippu Tip yalikuwa pungufu sana ya yale yaliyoahidiwa. Alilalamikia jambo hilo mpaka uzeeni. Alijua sana uchungu wa mtu kunyimwa ujira wake.

Soma Yeremia 22:13–17. Nabii anamkemea mfalme aliyejijengea nyumba pana kwa kazi isiyolipwa, kisha anamkumbusha baba yake, aliyekula na kunywa na bado akatenda haki. Fungu hili halikatazi nyumba nzuri wala cheo. Linauliza nani aliijenga na kama alilipwa.

Tafakari: Tippu Tip aliumizwa na ahadi iliyovunjwa na Stanley, lakini hakuumizwa na hadithi aliyompa Kasongo Rushie. Kwa nini ni rahisi kukumbuka deni unalodai kuliko deni unalodaiwa?

JUMATANO
Wanunuzi wa Mbali

Soma Ufunuo 18:11–13. Tazama orodha ya bidhaa za wafanyabiashara. Pembe za ndovu ziko sehemu gani, na orodha inaishia na nini?

Chui wa Mrima asingekuwa na kazi kama hakukuwa na wanunuzi. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said walitia sahihi mkataba wa biashara, na mwaka 1837 alifika Unguja konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka mji wa Salem, Massachusetts. Waters alikuwa Mkristo mcha Mungu. Alileta Biblia za kugawa, alitunza siku yake ya ibada, na utumwa ulimchukiza. Hata hivyo alifanya biashara kwa karibu na Jairam Shivji, mkuu wa forodha ya Unguja, ambaye mapato yake yalitokana pia na ushuru wa watumwa. Baada ya miaka michache Waters alirudi Salem akiwa na mali nyingi.

Nguo iliyoletwa na meli za Salem iliitwa merikani, na jina hilo bado lipo katika Kiswahili. Viwanda vya Massachusetts viliifuma kwa pamba iliyolimwa na watumwa Weusi katika majimbo ya kusini ya Marekani. Nguo ikavuka bahari, ikawa fedha ya misafara, ikanunua pembe na watu. Pembe nazo zikapelekwa Ulaya na Marekani. Katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, zilikatwa kuwa vibao vyeupe vya kinanda. Kwingine zilifanywa vitana, mipini ya visu na mipira ya mchezo wa biliadi. Familia zilikusanyika jioni kuzunguka kinanda na kuimba nyimbo za dini, na vidole vikagusa pembe iliyobebwa mabegani mwa watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kuibeba.

Kwa hiyo hesabu ya biashara hii haiwezi kupelekwa kwa watu wa dini moja au rangi moja. Mwenye msafara alikuwa Mwislamu wa Unguja, wakopeshaji walikuwa Wahindi, wanunuzi walikuwa Wakristo wa Ulaya na Marekani, na machifu wengine wa bara waliuza majirani zao. Soma Mwanzo 37:25–28. Msafara uliomnunua Yusufu ulikuwa safarini na manukato, na haukuwa na ugomvi wowote naye. Walioanza kumuuza ni ndugu zake.

Tafakari: Waters alichukia utumwa moyoni lakini hakubadili biashara yake. Ni jambo gani unalolichukia kwa maneno, huku fedha zako zikiendelea kulilisha?

ALHAMISI
Wali wa Mfalme wa Mbali

Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalimkubali Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kuwa mwenye mamlaka juu ya Dola Huru ya Kongo. Nchi ambayo Tippu Tip aliitawala kwa bunduki na undugu ikawa ya mfalme ambaye hakukanyaga hata siku moja. Februari 1887, mjini Unguja, Stanley alimletea mkataba. Tippu Tip angekuwa wali wa wilaya ya Maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Angepandisha bendera ya dola na kuzuia uvamizi wa watumwa, naye angebaki huru kununua pembe. Alikubali, akapanda meli Madura pamoja na Stanley, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo.

Stanley alikuwa akienda kumwokoa Emin Pasha, liwali aliyezingirwa kusini ya Sudan, na Tippu Tip aliahidi kumpatia wapagazi 600. Wapagazi hao walichelewa sana, na waliofika walikuwa pungufu. Kikosi kilichoachwa Yambuya kikiwasubiri kilikaa mwaka mzima. Humo walikuwa watu wengi wa Zanzibar na Mrima, waliokufa mmoja baada ya mwingine kwa njaa, magonjwa na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Julai 1888 mkuu wa kikosi, Meja Barttelot, alipigwa risasi akafa. Stanley alimlaumu Tippu Tip. Tippu Tip alisema Stanley hakuleta baruti aliyoahidi. Wakubwa waliandikiana barua na kupelekana mahakamani. Wapagazi waliozikwa Yambuya majina yao hayakusomwa popote.

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890 na kufika Unguja mwaka uliofuata. Hakurudi tena. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya askari wa Leopold na wafanyabiashara wa pwani. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893, ngome zikaanguka, na mali yake ya bara ikapotea. Leopold alikuwa ameuambia ulimwengu kwamba anakwenda kukomesha utumwa. Badala yake watu wa Kongo walilazimishwa kukusanya mpira wa msituni kwa viboko, mateka na kukatwa mikono, mpaka Ubelgiji ilipomnyang'anya nchi hiyo mwaka 1908.

Soma Yakobo 5:1–6. Mtume anasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele. Ni nani anayeusikia mlio huo wakati mahakama hazisikii?

Tafakari: Tippu Tip aliufikia utawala kwa nguvu, na akaondolewa na wenye nguvu zaidi. Je, mabadiliko ya mtawala peke yake yaliwasaidia wabebaji wa mizigo?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Uzee wa Tippu Tip ulikuwa wa raha. Alikuwa na nyumba katika Mji Mkongwe, mashamba ya karafuu na watumwa wa kuyahudumia, hata baada ya serikali ya Zanzibar kutoa amri ya mwaka 1897 iliyowaruhusu watumwa kudai uhuru wao. Katika miaka yake ya mwisho aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliziandika upya kwa herufi za Kilatini na kuzitafsiri. Ni miongoni mwa masimulizi ya kwanza ya mtu kuandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Humo frasila zimehesabiwa, madeni yametajwa, machifu wana majina. Wabebaji karibu wote hawana.

Alifariki Unguja Juni 1905, kwa malaria. Mwezi uliofuata, katika milima ya Umatumbi, kusini mwa Rufiji, watu waling'oa pamba ya serikali ya Wajerumani. Walikuwa wamelazimishwa kuilima kwa malipo madogo mno, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kutangaza vita. Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti. Vita vya Maji Maji vilikuwa na sababu kadhaa, lakini mojawapo ilikuwa ileile ya Yeremia: kazi ya jirani bila ujira. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Soma Luka 19:1–10, kisha ulinganishe watu wawili. Zakayo na Tippu Tip wote walitajirika kwa kazi iliyowaumiza wengine, na wote walijua hesabu. Siku moja Zakayo alifungua daftari lake upya, akaandika ndani yake watu aliowadhulumu, akawalipa mara nne. Kutubu kwake kulikuwa na tarakimu.

Katika Rufiji ya leo hakuna minyororo barabarani. Lakini yuko kibarua anayepalilia ufuta na kuambiwa asubiri mpaka mavuno, kisha mpaka mnada, kisha mpaka mwakani. Yuko msichana wa kazi za ndani anayelipwa kwa chakula. Yuko mkulima anayekopa mfuko wa mahindi wakati wa njaa na kuurudisha kwa korosho za thamani mara tatu. Amosi 8:4–7 inawahusu wao, nayo inasomwa na wanaowadai.

Maswali ya Kujadili:

1. Tippu Tip aliwalipa wadai wake matajiri. Ni kwa nini watu wengi hulipa haraka deni la mwenye nguvu na kuchelewesha la mnyonge? Soma Kumbukumbu la Torati 24:14, 15. Malipo yanatakiwa yafanyike kabla ya saa gani?

2. Livingstone alipokea msaada wa Tippu Tip, na Waters alishirikiana na mkuu wa forodha. Mwamini achore mpaka wapi anapofanya biashara au kupokea msaada? Toeni mifano ya soko lenu, bila kutaja majina ya watu.

3. Ni makosa gani ya zamani ambayo dini moja huitupia nyingine, huku ikisahau sehemu yake? Darasa linawezaje kuzungumza habari za utumwa na majirani wa imani nyingine kwa ukweli na heshima?

4. Kabla ya Sabato ijayo, chukua karatasi uandike majina ya watu wote waliokufanyia kazi mwaka huu: shambani, nyumbani, dukani, kwenye bodaboda. Karibu na kila jina andika ulichoahidi na ulichotoa. Karatasi hiyo ni yako, usiisome darasani. Palipo na pengo, lipa.